Kishungi cha Mwami

"Inua kidogo," alisema Jelimo. "Kidogo tena. Hapo."

Tumu aliingiza viganja vyake chini ya kichwa cha maiti akakiinua taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa anywe uji. Jelimo akainama na tochi ya simu. Baridi ilikuwa ikipanda kutoka kwenye vigae na kupenya soli za viatu.

"Alikuja hivi?"

"Aje hivi wapi, dada! Alikuja na mvi zake, nyeupe pee, zimejaa kichwa kizima. Nilizichana mwenyewe. Nikasema, mzee huyu ana nywele nzuri kuliko zangu, na mimi ndiye niliye hai."

Sasa kichwa kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimenyolewa kuanzia kwenye paji hadi nyuma, isipokuwa kisogoni, pale shingo inapoanzia, ambapo kishungi kidogo cha mvi kilikuwa kimeachwa, upana wa kidole gumba. Mtu mwingine angedhani mnyoaji alikisahau. Jelimo alisogeza tochi. Kingo za kishungi zilikuwa zimenyooka pande zote. Aliyekiacha alikizunguka kwa wembe, kwa mkono usiotetemeka.

"Mlaze," alisema. "Ahsante. Nioneshe mikono."

Kucha nazo zilikuwa zimekatwa karibu na nyama.

Maiti ilikuwa ya Mwami Ruphin, mtawala wa jadi wa Bukirindi, milimani huko Kivu. Alikuwa ameishi Johannesburg uhamishoni miaka mingi kuliko ile aliyokaa kwao akitawala, na alifia hospitalini wiki iliyopita, katikati ya Julai hii kavu ya mwaka 2019. Keshokutwa jeneza lilikuwa lisafirishwe kwao. Mirathi yake ilikuwa mikononi mwa Moffat, wakili Mkenya mwenye ofisi Sandton, na Moffat ndiye aliyemtuma Jelimo. Kabla ya upelelezi Jelimo alikuwa karani wa bima. Hakuna aliyemfundisha kazi hii. Alijifunza kwa kusoma usiku na kukosea mchana.

Swali alilopewa lilikuwa moja: je, marehemu aliacha mtoto mwingine, mbali na Marcellin, mwana wa ndoa? Swali lilianza na simu. Mwanamke asiyetaja jina alimpigia Moffat, akasema kwa Kifaransa, "Mtafuteni mtoto wa pili," akakata. Siku ya pili Marcellin naye akaja na lalamiko: nywele za baba yake zimeibwa mochwari.

"Nani aliingia humu?" Jelimo aliuliza.

"Mke wake. Mwanawe. Watu wa maombi, wameimba mpaka bosi akaja juu. Na fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi cherehani. Mzee wa Kikongo, mpole, ana utepe wa kupimia shingoni. Alikuja kupima suti ya kuzikia."

Jelimo aligeuka akatazama ukutani. Suti nyeusi ilikuwa imetundikwa pale ndani ya mfuko wake wa plastiki, na nembo ya duka ikionekana.

"Na hiyo?"

"Hiyo aliileta mwanawe siku ile ile ya kwanza..." Tumu naye aligeuka. Akaitazama suti, akamtazama marehemu. "Jamani! Sasa alikuja kupima nini?"

"Ulikuwepo akipima?"

"Nilikuwepo, halafu sikuwepo. Mke wa marehemu alisimama mlangoni, akaniambia, nenda ukanywe chai binti, nitakaa na mume wangu. Ungemkatalia wewe, mfiwa?"

"Nisingemkatalia."

"Haya basi. Mimi nimezaliwa Tanga, kwetu mfiwa hapingwi." Tumu alijifuta mikono, akatia mmoja katika mfuko wa aproni. "Yule fundi aliangusha hiki. Nilikiweka, nikasema akirudi nitampa."

Kilikuwa kipande cha chaki ya fundi, bapa, cha buluu. Jelimo alikifunga ndani ya kitambaa.

*

Marcellin alimngoja katika mkahawa ulio chini ya benki anakofanya kazi, Sandton. Alikuwa kijana nadhifu mwenye macho ya mtu asiyelala. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani; alikizungumza polepole, kama anavyotembea mtu aliyevaa viatu vya baba yake.

"Ni yule msusi wa Kensington," alisema kabla kahawa haijafika. "Benita. Amechukua nywele akapime, athibitishe kuwa mtoto wake ni wa baba."

"Umemwona akichukua?"

"Nani mwingine angetaka nywele za maiti?"

"Sijui bado," alisema Jelimo. "Lakini nywele zilizonyolewa kwa wembe hazina mizizi. Bila mizizi, maabara haitamtajia mtu baba yake. Anayetaka kupima hung'oa nywele chache tu, na wewe usingejua kamwe."

"Labda yeye hajui hilo."

"Labda." Jelimo alikoroga kahawa. "Huyo mtoto wake, unamjua?"

"Gradi. Nilimwona mara moja, dukani. Anafanana na mtu yeyote." Marcellin alisogeza kiti mbele. "Dada Jelimo, sikiliza. Baba hakumlipia yule mama hata mbuzi. Nimewapigia simu wazee wa Bukirindi, mmoja mmoja. Wote wameapa kwamba mahari haikulipwa. Wako tayari kuapa mbele ya wakili."

"Ulipowauliza, walisemaje?"

"Walifurahi. Mmoja alinishukuru, akasema nimefanya kazi nzuri."

"Alikushukuru."

"Ndiyo. Wako upande wangu."

Jelimo aliliandika neno hilo.

"Sheria ya nchi hii haiulizi mahari," alisema. "Akiwa mtoto wa baba yako, ni mtoto. Nyumba ya baba yako ya Kensington mtagawana."

"Nyumba achukue! Eish, mimi nazungumzia kiti. Mama alinizaa ndani ya ndoa, kanisani, mbele ya watu. Mtoto wa nje hawezi kukalia kiti cha mwami."

"Umeshafika Bukirindi?"

"Nilitolewa nikiwa mgongoni. Lakini watu kule hawana barabara, hawana zahanati, na chini ya miguu yao kuna dhahabu inayochimbwa na wenye bunduki. Wanahitaji mtu aliyesoma." Alisema hayo bila majivuno, na Jelimo aliona kuwa aliyaamini. "Keshokutwa nitapanda ndege na jeneza. Nimeshaomba likizo kazini."

"Mama yako anasemaje kuhusu hiyo safari?"

Marcellin aliangalia kikombe. "Mama halii. Hasemi. Tangu baba afe ananipikia tu, kama nilivyokuwa mdogo. Ananipikia mara tatu kwa siku na kukaa ananitazama nikila."

*

Saluni ya Benita ilikuwa Kensington, kwenye barabara kuu, kati ya duka la tairi na kanisa lililokodi ghala. Ndani mlinukia mafuta ya nywele na hita ya parafini. Benita alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, na pasi ya nywele ilikuwa mkononi mwake kana kwamba imeota hapo. Kwenye kiti alikaa mteja, Agnès, akisimulia kisa cha harusi kwa Kifaransa cha mbio.

"Agnès, sema Kiswahili, weye!" Benita alimkatiza akicheka. "Mi shule niliiacha mlangoni. Kifaransa chako kinanipita juu kama ndege ya Ulaya."

"Unacheka nini basi, kama husikii?"

"Nacheka mdomo wako, unavyojikunja kama mtu anapuliza supu."

Jelimo alikaa kwenye benchi hadi kicheko kilipotulia, kisha akajitambulisha, jina lake na jina la wakili. Kicheko hakikurudi tena.

"Minakusikiliza," alisema Benita. Pasi iliendelea kushuka kwenye nywele za Agnès.

"Mama Gradi, naomba nikuulize mara moja tu, na utakachojibu ndicho nitakachoandika. Gradi ni mtoto wa Mwami Ruphin?"

"Hapana."

"Baba yake ni nani?"

"Mwanaume wa Lubumbashi. Alikuwa anafanya kazi ya reli. Alikufa."

"Jina lake?"

"Kalenga."

Agnès aliinua macho kwenye kioo. "Si ulisema anaitwa Ilunga?"

"Kalenga Ilunga! Weye unataka nywele zako ao unataka mume wangu?"

"Hutaki chochote katika mirathi?" Jelimo aliendelea. "Kuna nyumba. Kama Gradi ni mtoto wake, ana fungu, iwe mahari ililipwa au haikulipwa."

"Sitaki nyumba, sitaki fungu, sitaki hata kijiko cha pale. Andika vile. Andika Benita wa Bukirindi amesema mtoto ni wake yeye mwenyewe, na Mungu njo shahidi."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Kijana mrefu aliingia na ndoo ya maji ya moto, akaiweka chini ya sinki. Alivaa kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni.

"Ona huyu," Benita alisema, na sauti yake ikalainika, kwa sababu alipata njia ya kubadilisha mazungumzo. "Tangu juzi na ile kofia. Ndani na kofia, mezani na kofia. Nitaogopa wateja watasema minazaa mwizi wa mabenki. Kuja hapa!"

"Ma, leave it," Gradi alisema, akainama kukwepa. Lakini mkono wa msusi ni mwepesi. Kofia ikatoka.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote. Kisogoni, pale shingo inapoanzia, kilikaa kishungi cheusi, upana wa kidole gumba, kingo zake zimenyooka.

Pasi ilibaki imebana nywele mahali pamoja. Moshi mwembamba ukapanda, harufu ya kuungua ikajaa chumba.

"Benita! Nywele zangu! Unaniunguza!"

Benita aliachia pasi ikaanguka. Alimshika mwanawe kidevu kwa mikono miwili, akamgeuza upande huu na upande ule, kama anayetafuta jeraha.

"Nani alikunyoa?"

"Barber tu, Ma. Ni style."

"Gradi. Minakuuliza mara ya pili. Nani alikunyoa ile?"

Kijana aliangalia sakafu. Benita akageuka kwa Jelimo, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mama, tumefunga," alisema. "Agnès, weye pia. Jifunike kitambaa, kesho nitakutengeneza bure. Muende. Muende sasa."

*

Jelimo alikuwa ameshafungua mlango wa gari Gradi alipomfikia. Alikuwa amevaa koti jeusi, refu, lisilo na kola, la mtindo ambao hakuna kijana wa Johannesburg angeuchagua. Kwenye pindo la chini kulibaki mstari wa chaki. Chaki ya buluu.

"Auntie, wewe unatoka kwa lawyer?"

"Ndiyo. Koti zuri. Nani kakushonea?"

"Mzee mmoja. Papa Bakiri." Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko kusema, alikuwa akiokota neno moja moja. "Alikuja kwa ile shop yangu, natengeneza simu. Akanitazama. Akasema, you have your father's neck. Shingo ya baba yako."

"Ukamwamini?"

"Ma anasema baba alikufa Lubumbashi. Kila mwaka ana jina ingine. Papa Bakiri akasema yeye anajua jina moja tu." Aliinua mabega. "Mimi sitaki nyumba, auntie. Nilitaka jina moja tu, lisibadilike."

"Alikunyoa lini?"

"Juzi. Alitoka mochwari, akanipigia, njoo. Akanyoa, akaimba kidogo. Akasema hakuna mwanamke atashika hii nywele." Aligusa kisogo. "Sikujua Ma ataogopa vile. Kwa nini ameogopa?"

"Sijui bado," Jelimo alisema. "Papa Bakiri anakaa wapi?"

"Soweto. Nyuma ya spaza, kale kaduka ka Msomali, karibu na ile robot kubwa, taa za magari. Nitakutumia pin."

"Tuma. Na Gradi, ukipigiwa na mtu mwingine yeyote leo, nijulishe kwanza."

"Sharp, auntie. Nitakujulisha."

*

Moshi wa makaa ulikuwa umeanza kulala juu ya paa za Soweto Jelimo alipoegesha gari. Alipita kando ya spaza, akapita karai la nguo zilizolowekwa, akabisha hodi kwenye mlango wa bati. Sauti ya cherehani ilisimama.

"Karibu, mama. Ingia. Nilijua mtu atakuja. Nilifikiri polisi."

Bakiri alikuwa mzee mwembamba, utepe shingoni, miwani ya kusomea imefungwa kwa uzi. Aliondoa vitambaa kwenye kiti ili mgeni akae. Jelimo akakiweka kipande cha chaki juu ya meza. Mzee alikitazama, akakitia katika kopo pamoja na vingine.

"Aksanti. Zimeanza kuwa ngumu kupata."

"Mzee, ulikwenda kupima suti ya mtu aliyekwishakuwa na suti."

"Njo vile," mzee alikubali.

"Nywele na kucha ziko wapi?"

"Pahali pake. Zitakwenda nyumbani na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani? Marehemu, au kijana?"

Bakiri alivua miwani. "Weye ni wa Kenya. Kwenu mnajua hizi mambo?"

"Zetu nazijua. Za Bukirindi unieleze wewe."

"Ukoo wetu njo unashika wembe. Baba yangu alinyoa baba yake Ruphin. Mi nilimnyoa Ruphin siku aliposhika kiti. Mwami akifa, tunamnyoa, tunaacha kishungi, na siku ile ile tunanyoa mwana wa kiti, wembe ule ule, tunaacha kishungi. Basi watu wakiona visogo viwili, hawaulizi tena."

"Marcellin ni mwana wa ndoa."

"Ni mtoto wa nyumba. Mtoto mzuri. Ng'ombe ni zake, mashamba ni yake, ile nyumba ya Kensington ni yake na wengine. Kiti hapana." Aliongea bila haraka, kama anayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. "Mwana wa kiti hazaliwi ndani ya ua, mama. Mama yake halipiwi mahari. Ukimlipia, umeupa ukoo wake mkono ndani ya nyumba ya mwami. Kesho mjomba anakuja kutawala. Mwami anamchagua mwanamke, wazee wanajua, anazaa naye, anamwachilia. Watu wa inje watamwita mtoto wa haramu. Wamwite. Ruphin mwenyewe alizaliwa vile."

"Marcellin anajua hilo? Kwamba baba yake..."

"Amekulia hapa. Angejulia wapi?"

Nje mtu alikuwa akimwita mtoto kwa Kizulu aje kula.

"Kwa hiyo alipowapigia wazee," Jelimo alisema, "akawataka waape kwamba mahari ya Benita haikulipwa..."

"Alitufanyia kazi yetu. Tungehangaika miezi kuwakusanya wale wazee waseme neno moja. Yeye aliwauliza swali lile tu, na hakuna aliyemwongopea."

"Na hakuna aliyemweleza."

Bakiri alichukua sindano, akaanza kuitunga uzi mwangani.

"Benita alimficha huyu mtoto tangu tumboni," Jelimo aliendelea. "Alimbadilishia baba kila mwaka. Nani alikuambia yuko Kensington?"

"Mji huu hauna siri."

"Una siri nyingi. Mwanamke alimpigia wakili, akasema tumtafute mtoto wa pili. Aliongea Kifaransa. Nilidhani ni Benita, lakini Benita hajui Kifaransa, wala hataki mtoto atafutwe. Na siku uliyoingia mochwari, kuna mwanamke alimwambia Tumu akanywe chai, kisha akasimama mlangoni."

Uzi ulipita kwenye tundu la sindano. "Unauliza kitu ulichonacho tayari," Bakiri alisema.

"Mama Clémentine, mama yake Marcellin, ni mke wa ndoa. Kwa nini amtafutie kiti mtoto wa mwanamke mwenzake, wakati wa kwake anakililia?"

Mzee aliweka sindano chini.

"Babu yake Ruphin alikutwa kwenye njia ya sokoni, ana matundu ya risasi. Baba yake Ruphin walimchukua mbele ya kanisa siku ya ibada, tulirudishiwa viatu. Ni vile viatu tulivyozika. Ruphin alikimbia, na watu wa kwetu walimtukana miaka yote ile kwa sababu alikimbia. Njo mwami wa kwanza aliyefia kitandani. Ile dhahabu haijaisha, mama. Na Mama Clémentine ana mtoto mmoja."

Jelimo alitazama mikono yake mwenyewe. Ncha za vidole zilikuwa na vumbi la buluu.

"Gradi anayajua haya?"

"Anajua jina la baba yake."

"Sikuuliza hilo."

"Yeye njo aliuliza hilo. Nilimjibu alichouliza."

"Mzee."

"Najua," Bakiri alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Unafikiri nimelala tangu juzi? Lakini nisiponyoa mimi, nani ananyoa? Kiti kikikaa wazi, wenye bunduki wataweka mtu wao. Watatafuta mtu wa damu ile. Watampata mmoja anayetaka mwenyewe, ana suti, ana tiketi ya ndege, hajui hata mto wa kuvuka. Huyo hatamaliza mwezi. Huyu wa Benita, wazee watamzunguka. Labda."

"Labda."

"Sina neno kubwa kuliko hilo."

"Kumnyoa kunatosha?"

"Hapana. Lazima mama yake aseme mbele ya jeneza: huyu ni wa fulani. Benita hatasema, hata umchome moto. Lakini wazee wanasema karatasi ya wakili, yenye muhuri, itasimama pahali pa mdomo wake." Alimtazama Jelimo moja kwa moja. "Karatasi yako, mama."

*

Giza lilikuwa bado halijaingia sawasawa. Kwenye robot taa nyekundu ilikaa muda mrefu, na magari mbele yake yalikuwa yakitoa mvuke. Moffat alipiga.

"Umepata?"

"Nimepata kitu."

"Jelimo, ni swali la mstari mmoja. Yuko au hayuko?"

"Swali lina mstari mmoja. Jibu lina watu wawili."

"Usinianzie methali. Jeneza linafungwa kesho jioni, na Marcellin ananipigia kila saa. Niandikie ndiyo au hapana, niweke muhuri, nikalale."

"Kesho asubuhi."

"Kuna tatizo?"

"Kuna mtu sijamwuliza," Jelimo alisema. "Siandiki habari ya mtu kabla sijamsomea."

Moffat aliguna, akakata. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda wa kutosha. Alijua kuwa hapo Jelimo hasogei.

Taa ikawa kijani. Jelimo hakuelekea nyumbani. Aliegesha kando ya kituo cha mafuta, akafungua kompyuta juu ya magoti, akaandika alichokiona mochwari, alichoambiwa Sandton, alichokiona saluni. Alipofika chini, kwenye mstari unaouliza kama marehemu ana mtoto mwingine, aliacha nafasi. Kalamu au kidole, vyote vilikuwa vizito sawa. Akiandika ndiyo, Gradi atapata jina, fungu la nyumba, na kiti. Akiandika hapana, Marcellin atapanda ndege na suti yake. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni ili mwanawe apone. Mwingine alikuwa ameunguza nywele za mteja kwa sababu hiyo hiyo.

Akampigia Gradi. Simu iliita mara moja tu.

"Auntie. Ma amejifungia chumbani. Anasali kwa sauti. Amechukua koti langu akalikata mikono kwa mkasi."

"Amekuambia kitu?"

"Ananiambia tu nisiende. Nisiende wapi? Papa Bakiri alisema ni kumsindikiza tu baba airport. Aliniambia nije na passport, just in case."

Jelimo alifunga macho kidogo.

"Gradi, una miaka kumi na tisa. Hili ni lako, si la mama yako, si la Bakiri, wala si langu. Lakini lazima ulijue lote kabla hujalibeba. Nijibu hili kwanza. Papa Bakiri amekuambia babu yako alikufaje?"

Upande wa pili ilisikika sauti ya mwanamke ikipanda na kushuka, maneno hayasikiki.

"Auntie," Gradi alisema, "hakuna mtu aliyewahi kuniambia nilikuwa na babu."

"Basi kesho tutaanzia kwa babu. Tumu anafungua mochwari asubuhi na mapema. Nitakungoja pale mlangoni. Utamwona baba yako kwanza, halafu tutakaa, nitakusomea kila nilichoandika, na nafasi niliyoiacha tutaijaza tukiwa wawili. Pasipoti iache nyumbani."

"Na koti? Mikono imekatwa, lakini naweza kulivaa."

Jelimo alitazama vumbi la buluu lililobaki kwenye vidole, kisha akaifunga kompyuta.

"Koti liache," alisema. "Njoo na kofia yako. Ivute chini, ifunike kisogo chote."